Tutamwona Akitoka

Mama yangu hakuwahi kuingia msikitini, na sababu ni mimi. Naanza hapo makusudi, msije mkaanza kunihurumia mapema.

Kwetu ni Kathiani, upande wa vilima, ambako usipochimba matuta mvua ya kwanza inakubebea udongo wote na kumpelekea jirani wa chini. Baba alifariki tukiwa wadogo. Tulibaki watatu: mama, kaka yangu mkubwa, na mimi. Mama alikuwa mtu wa kanisa lakini si wa kelele. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuliza bei na kukataa bei. Mengine yote aliyasema kwa Kikamba, na hakuyasema mara mbili. Mtu akimsemesha Kiswahili kirefu alinigeukia mimi nimwambie kimesemwa nini, kisha nami nikarudisha jibu lake. Nilianza kazi hiyo nikiwa darasa la nne, na nisiwafiche, iliniotesha mapembe. Ilifika mahali nikawa najibu kabla hata hajafungua mdomo, kwa kuwa nilidhani namjua.

Kaka aliacha shule darasa la saba ili mimi niendelee. Hakuna aliyemwomba, alikuja tu siku moja akasema karo haitoshi watu wawili na yeye ng'ombe anawaelewa kuliko hesabu. Akaenda mjini Machakos, akaajiriwa na mzee mmoja wa Kisomali, mfanyabiashara wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kuleta ng'ombe kutoka ranchi za upande wa Konza hadi mnadani, na baadaye, alipoaminika, kwenda hadi nyanda za chini upande wa Garissa kuwachagua mwenyewe. Alikaa na watu wale, akala nao, akaugua wakamuuguza, na mwaka wa kumi akasilimu.

Alikuja nyumbani mwenyewe kumwambia mama. Mama alikuwa jikoni anapepeta mahindi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Utakuwa ukija nyumbani?" Kaka akasema atakuja. "Basi," mama akasema, akarudia ungo wake. Kanisa lilikuwa kali kuliko yeye, na mimi nilikuwa mkali kuliko kanisa. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimeokoka mwaka huo huo, nafunga tai hata Jumamosi. Nilimwambia kaka amemwaibisha mama. Akaniangalia, akacheka, akasema, "Mwalimu, wewe hiyo tai itakunyonga siku moja."

Alitimiza ahadi, alikuwa akija. Krismasi ndipo alipokuwa hakosi, jambo lililokuwa likiwatatiza watu sana. Nyama iliyochinjwa na sisi hakuila, kwa hiyo mama alifanya lililomjia akilini: alimpa kisu. Mbuzi wa Krismasi akawa anachinjwa na Mwislamu wa nyumba, anamwelekeza kaskazini, anasema maneno yake, na sisi sote tunakula na wimbo wa kanisani juu yake. Mama alifurahi sana siku hizo. Mimi nilikula nimenuna, lakini nilikula.

Kaka alikufa katikati ya miaka ya tisini, kwa malaria aliyotoka nayo kule nyanda za chini. Aliugua siku mbili, akapelekwa hospitali, akafa alfajiri. Simu za mkononi hatukuwa nazo. Tajiri wake alituma pikapu yake Kathiani, na dereva akatukuta saa sita mchana mama akiwa shambani. Alisema yaliyompasa kusema: kijana amefariki, anazikwa leo baada ya sala ya alasiri, na mzee anasema mama aje upesi.

Hilo neno "leo" lilitukata vibaya. Kwetu maiti hazikwi siku hiyo hiyo. Anapelekwa mochari, watu wanakaa matanga wiki nzima au mbili, jeneza linachongwa, picha yake inachapishwa kwenye karatasi ya ibada, ndugu wa mbali wanafika, halafu Jumamosi ndipo anazikwa, nyumbani, karibu na babake. Kuzika mtu siku aliyokufa ilikuwa kama kumfukia mbwa, na nililisema hilo kwa sauti, dereva akisikia. Mama aliingia ndani, akatia makaa kwenye pasi, akalinyoosha shati jeupe la kaka aliloliacha nyumbani, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa karatasi. Wamama wawili wa kanisa waliokuwa wamesikia kilio wakapanda pikapu pamoja nasi.

Tulifika mjini saa nane na nusu. Dereva alitushusha mbele ya msikiti, akaenda kuegesha.

Msikiti ule wa zamani nilikuwa nimepita mbele yake mamia ya mara nikienda sokoni. Nilichojua juu yake ni kwamba una ukuta mrefu wa chokaa, lango la mbao zilizochongwa, mnara mfupi mnene, na kwamba umejengwa mshazari. Maduka yote ya barabara ile yametazama barabara. Msikiti peke yake umegeuza bega. Tulipokuwa shule tulidhani fundi alikuwa mlevi.

Tukavuka, tukasimama ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha duka la vifaa vya ujenzi. Wamama wakaanza kuimba kwa sauti ya chini. Mama alisimama na mfuko wake, ameukumbatia. Alitaka kitu kimoja tu, na alishanieleza njiani, ndani ya pikapu. Mambo ya kaburi na ardhi na dini hakuyagusa. "Nataka kuona uso wake," alisema. "Wakishanionyesha uso, wafanye wanavyofanya."

Saa tisa hivi yule tajiri akatoka langoni. Mzee mrefu, ndevu zimetiwa hina, kanzu ina vumbi la mnadani. Alivuka barabara mwenyewe. Alitupa pole, akainamisha kichwa mbele ya mama, halafu akanigeukia mimi kwa kuwa nilikuwa nimejisogeza mbele.

"Karibuni ndani," akasema. "Tunangoja nyinyi. Mama aingie."

Sasa nisikilizeni vizuri. Nilikuwa na wamama wawili wa kanisa nyuma yangu, na juma moja kabla nilikuwa nimechaguliwa katibu wa vijana. Nilijua Jumapili swali la kwanza litakuwa kama mwalimu kweli aliingiza mamake msikitini. Pia niliogopa. Nilidhani tukiingia tutapangwa safu, tutainamishwa, mama atatamkishwa maneno asiyoyajua. Na zaidi ya yote nilidhani hakuna haja. Kwetu ibada ikiisha jeneza hutolewa nje, huwekwa kwenye stuli mbili kivulini, kifuniko cha juu kinafunuliwa panabaki kioo, na watu wanapanga laini kumwona. Ndivyo nilivyoona tangu utoto. Haikunipitia akilini kwamba kuna namna nyingine ya kumtoa mtu duniani.

"Asante mzee," nikamwambia. "Tutangoja hapa. Tutamwona akitoka."

Akasimama kidogo, kama aliyetaka kusema jambo akakosa Kiswahili chake. Akarudi. Baada ya robo saa akatoka tena, akavuka tena, safari hii akiwa na haraka.

"Kijana, sala iko karibu. Mimi si wewe nataka. Nataka mama. Wewe muulize mama."

"Tutamwona akitoka," nikasema, na nikasema kwa ule mkazo wa darasani.

Mama akanigusa kiwiko. Akauliza kwa Kikamba mzee anasema nini. Nikamwambia, "Anasema tungoje."

Adhana ikalia. Watu wakaingia, wachinjaji, wenye maduka, wanaume wa mnadani na fimbo zao wakaziegemeza ukutani. Barabara ikatulia. Sisi tukakaza macho langoni. Wamama walimaliza wimbo mmoja wakaanza mwingine. Tuliona watu wachache wakitoka, nikasema moyoni bado, sasa hivi watamleta. Tulingoja sana. Mwenye duka la vifaa, ambaye alikuwa akituangalia muda wote, akatoka na kufuli mkononi akauliza, "Nyinyi mnangoja nani?"

Nikamweleza.

"Aka! Hao si wameenda kitambo? Wametokea nyuma."

Tulikimbia. Mama alikuwa na miaka hamsini na kitu na alinishinda mbio. Tulizunguka ule ukuta mrefu, tukashuka kichochoro, tukafika makaburini tukakuta wanaume wanapiga udongo kwa nyuma ya koleo. Mwingine anamwaga maji kutoka kwa birika. Tuta lilikuwa limeshainuka. Mama akasimama ukingoni na mfuko wa shati. Hakulia. Aliuliza, kwa Kiswahili chake kile cha sokoni, "Uso iko wapi?" Yule tajiri alikuja, akafungua mikono yake, akaniangalia mimi. Nikatazama chini.

Njiani kurudi mama akasema jambo ambalo lilikaa nyumbani kwetu miaka kumi. Akasema, "Wamemficha. Wamempiga wakamuua, ndiyo maana wamemficha uso."

Ningeweza kumsahihisha pale pale ndani ya pikapu. Maneno yalikuwa mafupi tu: mama, waliniambia uingie. Lakini wamama wawili walikuwa pale wanatikisa vichwa, wanasema eeh, kweli, kwa nini basi wamfiche. Nikanyamaza. Na siku ya pili ilikuwa vigumu zaidi, na juma la pili likawa jambo lisilowezekana.

Mwezi haujaisha, yule mzee alikuja Kathiani na vitu vya kaka: godoro, redio, blanketi, na fimbo yake ya kuswagia. Alileta na gunia la mchele. Mama alimkuta uani akasimama mbele yake, majirani wote wakisikia, akamwita muuaji. Alimwita kwa Kikamba, na neno hilo halihitaji mkalimani. Mzee akanitazama tena, kama pale makaburini. Nilikuwa mlangoni, nimefunga tai. Aliacha vitu pale pale chini, akaondoka, na mama akaviteketeza vyote isipokuwa redio, ambayo nilimwomba. Ndiyo, niliomba redio. Niliisikiliza miaka mitatu.

Habari ikaenea, si mnajua soko. Kathiani hadi Tala watu wakawa wanasema yule mzee wa ng'ombe aliua mfanyakazi wake, ng'ombe walipotea, akampiga rungu. Wakawa hawamuuzii ng'ombe. Baadaye tukasikia ameacha kununua upande wetu kabisa. Mama hakula nyama ya bucha la Mwislamu tena, na Krismasi hatukuchinja. Kila mwaka, mwezi ule, angeacha kazi mkononi aulize hewa, "Kwani walikuwa wanaficha nini?" Mimi ningesema, "Mungu anajua, mama." Nilikuwa mwalimu wa historia, kazi yangu ni kueleza watu mambo yalivyotokea.

Yalipita kama miaka kumi. Nilikuwa nimehamia shule moja ya sekondari karibu na mji. Somo la ustaarabu wa pwani lilikuwa likinitesa, maana unawaambia watoto wa Machakos habari za mihrabu na matao na milango ya kuchongwa, nao wanakuangalia tu. Safari ya pwani shule haikuweza. Mwalimu mwenzangu akasema, "Si kuna ule msikiti wa zamani hapo mjini? Wapeleke huo." Nikasema sawa kabla sijafikiri. Nikaja kufikiri usiku, lakini barua ya ruhusa ilikuwa imeshaandikwa.

Mtunzaji wa msikiti alitupokea langoni. Mzee mdogo wa mwili, Kiswahili chake laini cha pwani. Babu yake ndiye aliyekuja huku, akabaki. Wasichana walikuja na leso za kujifunika. Tukavua viatu. Niliingia kwa mlango ule nikiwa na soksi yenye tundu, na cha ajabu ni kwamba hakuna aliyenipanga safu wala kunitamkisha lolote. Palikuwa na baridi nzuri tu na harufu ya mikeka.

Alikuwa mwalimu kunishinda. Aliwaonyesha lile lango, maua yake na minyororo iliyochongwa kando, akawaambia lilichongwa pwani, likaja kwa treni mpaka Konza, kisha likapanda huku kwa mkokoteni wa ng'ombe, maana reli iliukwepa mji wetu. Aliwaambia waweke mkono dirishani waone unene wa ukuta. Mkono wa mtoto mrefu ulizama hadi begani. Akaeleza matao, kwa nini yamechongoka juu. Aliwaonyesha mihrabu, kile kishubaka cha imamu ukutani, pambo lake la chokaa limekatwa kwa kisu na fundi ambaye hakuacha jina. Akaeleza na ule mshazari. Msikiti hautazami barabara, alisema, unatazama kibla, na kutoka hapa kibla ni karibu kaskazini kabisa. Msikiti ulitangulia, barabara ikaja baadaye ikapita inavyotaka. Basi fundi hakuwa mlevi.

Kwa sababu ya ule mshazari, upande wa nyuma kulibaki ua wa pembe tatu usioonekana kabisa kutoka barabarani. Akatupeleka huko. Palikuwa na chumba cha kuoshea maiti, jeneza la mbao limeangikwa chini ya dari ya veranda, jiwe refu pana kama kitanda, na mlango mdogo ukutani.

"Hapa ndipo maiti anapotokea," akasema. "Ukipita hapa unashuka moja kwa moja makaburini, huvuki barabara ya watu."

Msichana mmoja, wa mstari wa mbele, akauliza kama jamaa za marehemu huruhusiwa kumwona.

"Mbona wasiruhusiwe? Akishakafiniwa, akavikwa sanda, tunamlaza hapa juu ya jiwe, tunamfunua uso, mama yake na ndugu zake wanamuaga. Kisha tunamfunika."

"Hata kama si Waislamu?"

"Mama ni mama, binti yangu." Akapangusa vumbi kwenye lile jiwe kwa kiganja. "Kulikuwa na kijana wetu mmoja hapa, Mkamba, wa kazi ya ng'ombe. Mama yake akatoka mbali. Tukamfunua uso tukamngojea mama. Tajiri wake akatoka kwenda kumwita, akarudi peke yake. Akatoka mara ya pili, akarudi peke yake. Akasema pale nje pana kijana mwenye tai, anasema watamwona akitoka. Tukasema labda kwa mila zao mama hamtazami maiti kabla ya sala, nani ajuaye mila za watu? Tukaswali. Baada ya sala tukamrudisha hapa tukamfunua tena. Imamu akasema tungoje kidogo. Tulingoja mpaka kivuli cha ukuta kikafika hapa." Akaonyesha mahali, karibu na ukingo wa jiwe. "Hakuja. Basi tukamfunika."

Watoto walikuwa wanaandika. Mimi nilikuwa nimesimama na tai yangu. Sijui kama alinitambua. Hakunitazama, na huenda hiyo ilikuwa adabu yake. Nilitaka kusema ni mimi, na kilichonitoka kinywani, mbele ya wanafunzi arobaini, kilikuwa swali la chokaa: nilimuuliza ilichanganywa na nini ili ishike. Akanijibu kwa upole, kwa urefu. Sikusikia hata neno.

Nilikaa na jambo hilo kutoka muhula wa pili hadi likizo ya Desemba. Nilipunguza kilo. Mke wangu alidhani nina mwanamke.

Nilimwambia mama adhuhuri moja, tumekaa nyuma ya jiko tunapukuchua mbaazi. Nilimwambia yote, mwanzo hadi mwisho, jinsi nilivyowaambia nyinyi, na soksi yenye tundu pia. Hakunikatiza. Nilipomaliza, mikono yake ilikuwa bado ndani ya bakuli.

"Walimfunua?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Hakuwa amepigwa."

"Hapana. Ilikuwa malaria."

Kuku walikuja wakadonoa maganda miguuni pake, hakuwafukuza. Akasema, "Yule mzee alikuambia nini, pale barabarani? Nipe maneno yake, usinipe yako."

"Alisema, wewe muulize mama."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa nyuma yangu."

"Nilikuwa hapo," akasema. "Nilikuwa nimesimama hapo hapo." Akachukua ganda jingine akalipasua.

Nilimwambia nitampeleka msikitini, mtunzaji ni mtu mwema, atamwonyesha lile jiwe. Akauliza, "Jiwe la nini sasa?" Ila kesho yake asubuhi alinikabidhi jogoo wake mkubwa, amemfunga miguu, akaniambia nimpelekee yule mzee wa ng'ombe, nimwambie kwamba mama wa kijana yule amekiri alimkosea. "Useme hivyo hivyo. Usiongeze." Nilikwenda Machakos na jogoo kwapani. Nilizunguka mnadani, bucha hadi bucha, mpaka kijana mmoja akaniambia mzee alihama miaka mingi iliyopita, akarudi kwao, na alifia huko. Nikarudi na jogoo Kathiani. Mama alimfungua kamba bila kuuliza kitu.

Sikuwahi kutukanwa, na mama hakunilaani, ingawa mama wa Kikamba akitaka kulaani anajua. Alianza tu tabia moja. Tukienda ugenini akaulizwa kama atakunywa chai ya maziwa au ya rangi, mama angenielekezea kidevu: "Muulize mwalimu. Yeye ndiye hunijibia." Mchungaji akimuuliza anaendeleaje: "Muulize mwalimu." Jirani akitaka kujua kama atauza ndama: "Muulize mwalimu." Watu walicheka, wakidhani ni utani wa mama na mwanawe, na mimi nikacheka nao. Nisipokuwepo, mke wangu aliniambia, alijibu mwenyewe vizuri tu.

Miaka mitatu baadaye sukari ikamshika. Akajikwaa kidole cha mguu kwenye jembe, kidonda kikakataa kupona, kikapanda. Tulipomfikisha hospitali mguu ulikuwa mweusi hadi karibu na goti. Ilikuwa saa nne asubuhi, wodi imejaa, madirisha wazi. Daktari alikuwa kijana, mpole, alivuta stuli akakaa usawa wa macho ya mama.

"Susu," akamwambia, yaani nyanya kwa Kikamba, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha polepole, "mguu huu tukiuacha utakuua. Tukikata, labda utapona, labda hata hivyo usipone. Mwili ni wako. Wewe unataka tufanye nini?"

Mama alielewa kila neno. Akamjibu kwa Kiswahili, bila kunitafuta nimsaidie, Kiswahili kilichonyooka kuliko chochote nilichowahi kukisikia kinywani mwake.

"Uliza mwalimu. Yeye ndio hunijibia."

Daktari akatabasamu, akanigeukia na karatasi ya idhini. Nikamwambia angoje. Nilipiga magoti pale sakafuni, nikashika mkono wa mama, nikamuuliza kwa Kikamba. Mama, nakuuliza wewe. Unataka nini? Nikamuuliza mara ya pili. Mara ya tatu nilikuwa nalia na wagonjwa wa vitanda vya jirani wamegeuka kututazama. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia usoni mwangu, na mdomo wake umefungwa. Muuguzi akamgusa daktari bega, akasema chumba cha upasuaji kiko tayari na kuna wengine foleni.

Nikachukua kalamu, nikamjibia.